Nani alimpoteza Tshibumba? Kisa cha mchoraji wa Lubumbashi

Kilio cha Lubumbashi kina utaratibu wake. Turubai inafungwa uani, viti vinakodiwa, na kabla jeneza halijatoka kuna mtu wa familia anayesimama kusoma maisha ya marehemu: alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya kazi kampuni gani, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Tshibumba Kanda Matulu hana siku yake ya kusomewa hivyo. Alizaliwa katika mji huu mwaka 1947, ukiwa bado unaitwa Élisabethville. Akachora historia ya nchi nzima, tangu enzi za Mani Kongo, wafalme wa Kongo ya kale, hadi Zaire ya Mobutu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akatoweka, na hadi leo hana tarehe ya kifo wala kaburi linalojulikana.

Ajabu ni kwamba huyu huyu aliyepotea ndiye ambaye maneno yake yamehifadhiwa pengine kuliko ya mchoraji mwingine yeyote wa kizazi chake. Picha zake zaidi ya 100 ziko Amsterdam, nyingine ziko Ubelgiji, na mazungumzo yake marefu kuhusu picha hizo yameandikwa neno kwa neno, kwa Kiswahili hiki chetu cha Katanga.

Jina lake likitajwa mjini, malalamiko huwa mawili. La kwanza ni kwamba wazungu walibeba kila kitu. La pili ni kwamba sisi wenyewe hatujali wasanii wetu, na hapo lazima atokee mtu wa kukumbusha kwamba nabii hana heshima kwao. Yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini yanaruka jambo lililotokea katikati. Ili kulipata, inabidi kuanza na kazi yenyewe, jinsi ilivyofanywa na jinsi ilivyouzwa.

Tablo za salon

Lubumbashi ilikuwa na wachoraji mashuhuri kabla yake. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyojulikana kama Le Hangar, na humo wakatoka Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Samaki wao, ndege wao na misitu yao vilipendwa sana, ila wanunuzi wao wakubwa walikuwa wazungu. Kazi za namna hiyo hazikuwa za kutundikwa katika nyumba ya mfanyakazi wa Katuba, mtaa wa wafanyakazi hapa mjini.

Tshibumba alikuwa wa njia nyingine. Hakupita kwenye karakana hiyo wala hakuwa na mlezi. Alichora juu ya kitambaa cha mfuko wa unga kilichovutwa kwenye fremu ya mbao, kisha akabeba tablo zake, yaani picha, mwenyewe na kuzunguka nazo akitafuta mnunuzi. Mnunuzi huyo alikuwa karani, fundi wa reli, mwalimu, mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya shaba ya serikali: mtu mwenye mshahara wa kila mwisho wa mwezi na salon, yaani sebule, yenye ukuta mtupu. Alijua anachotaka. Wengine walitaka mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki anayeleta utajiri na balaa kwa pamoja. Wengine walitaka mandhari ya kijijini, au simba, au vita vya wakati wa Katanga ya Tshombe, ile iliyojitenga na Kongo baada ya uhuru. Mchoraji alirudia picha ile ile mara nyingi, kila mara na mabadiliko madogo, na hakuna aliyeona aibu katika kurudia. Fundi wa viti naye hatengenezi kiti kimoja maishani mwake.

Iliyotafutwa sana ni picha ya ukoloni. Tshibumba aliiandika kwa herufi kubwa: *Colonie belge 1885-1959*. Tuko katika uwanja wa gereza, chini ya bendera ya Ubelgiji. Mfungwa amelazwa kifudifudi, makalio wazi, na askari ameinua kiboko. Wafungwa wenzake wamevaa nguo za milia. Pembeni amesimama afisa mzungu, anaangalia tu. Anayepiga ni mweusi. Watazamaji wengi hupita haraka hapo, kumbe ndipo picha ilipo. Mwenye salon wa mwaka 1973, ambaye kazini alikuwa chini ya mkubwa mweusi naye akiwa chini ya mkubwa mwingine, hakuhitaji kufafanuliwa.

Kisha kuna hizo tarehe. Shuleni tunafundishwa kwamba kuanzia 1885 ilikuwa Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Léopold II, kwamba Ubelgiji iliichukua rasmi mwaka 1908, na kwamba uhuru ni 1960. Mwalimu angepiga mstari mwekundu chini ya *1885-1959*. Mimi naona mchoraji alihesabu kutoka mahali alipolala yule mfungwa, na ukihesabu kutoka hapo, mwaka 1908 haukubadilisha kitu.

Mnunuzi mwenye kinasa sauti

Mwaka 1973 Tshibumba alifika nyumbani kwa Johannes Fabian kuuza tablo, kama alivyofika nyumbani kwa watu wengine. Fabian, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Ujerumani, alikuwa akifundisha chuo kikuu hapa Lubumbashi. Katanga hakuwa mgeni, maana miaka ya 1966 na 1967 alikuwa ameshafanya utafiti humu kuhusu wafuasi wa Jamaa, harakati ya Wakatoliki, na Kiswahili alikisema. Jambo hili la lugha ni kubwa kuliko linavyoonekana. Wazungu wengi wa chuo wangefanya biashara hiyo kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa mchoraji huyu angejibu kwa sentensi mbili tatu na kuondoka na hela yake.

Katika mazungumzo ikatoka kwamba mwenye tablo alijiona mwanahistoria kwanza. Tayari alikuwa na nia ya kuchora historia yote ya nchi, tangu mwanzo, kwa mfuatano. Ila nani angenunua? Salon ya Katuba ina nafasi ya picha mbili, labda tatu. Hakuna mfanyakazi ambaye angetundika mia.

Fabian alikubali kununua. Kati ya 1973 na 1974 Tshibumba alileta picha kwa mafungu, na kila alipofika wawili hao walikaa, kinasa sauti kikawashwa, na mchoraji akaeleza moja baada ya nyingine. Zilizochapishwa baadaye ni 101. Zinaanza kabla ya ukoloni, zinapita kwa mfalme Msiri wa Bunkeya aliyeuawa Desemba 1891, kwa nabii Simon Kimbangu, kwa wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya shaba ya wakoloni, waliopigwa risasi walipogoma Desemba 1941, zinaingia uhuru na kujitenga kwa Katanga, na hazisimami kwenye siku zile walizokuwa wakizungumza. Za mwisho zinaenda mbele zaidi, kwenye wakati ujao, kwa njia ya ndoto.

Hapa ndipo wenye lalamiko la kwanza wanapomnyima Tshibumba haki yake bila kujua. Wanamweleza kama mtu aliyefumaniwa na mnunuzi mjanja. Mimi naona kinyume. Alikuwa na kazi kubwa kichwani isiyo na soko, akakutana na mtu mmoja mwenye uwezo wa kuilipia, akamtumia. Kwenye mazungumzo yenyewe ndiye anayeongoza: anaeleza, anarudi nyuma, anakataa tafsiri fulani, na mahali pengine anakwepa. Nchi ilikuwa ya chama kimoja, MPR, na kuna mambo yaliyosemwa kwa kuyazunguka. Msomaji wa Lubumbashi anasikia vizuri pale ambapo mtu anasema jambo na pale ambapo anapita kando yake.

Je, alilipwa haki? Alilipwa bei ya tablo, na bei ya tablo haikuwa bei ya kazi ya makumbusho. Lakini wakati ule haikuwa kazi ya makumbusho bado. Swali linaloniuma zaidi ni la muda. Kitabu chenye picha zote 101 na mazungumzo kilitoka mwaka 1996, kwa Kiingereza, Marekani. Ni miaka 22 baada ya mazungumzo kwisha. Mchoraji alikuwa ametoweka miaka kama 15 hivi. Utafiti mkubwa huchukua muda, sawa. Hata hivyo maana yake ni kwamba mtu aliyetaka kuitwa mwanahistoria hakuishi, au hakuonekana, hadi siku alipoitwa hivyo kwa maandishi.

Alichoufanyia mji

Ukiangalia ramani ya matukio ndani ya mfululizo huo, utashangaa ni mangapi yalitokea karibu na milango yetu. Kimbangu, nabii wa Nkamba, alikufa katika gereza la mji huu mwaka 1951 baada ya kifungo cha miaka 30. Waliouawa mwaka 1941 waliuawa hapa. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa usiku wa 17 Januari 1961 huko Shilatembo, nje kidogo ya mji.

Picha ya vifo hivyo vitatu ndiyo inayojulikana zaidi. Miili imelala chini, nyuma yake misalaba mitatu, na damu inayotoka ubavuni mwa Lumumba inaandika juu ya ardhi neno *unité*. Mkristo yeyote wa Kenya au Kamalondo, mitaa ya mji huu, anajua papo hapo ni kilima gani. Mobutu alikuwa ameshamtangaza Lumumba shujaa wa taifa mwaka 1966, kwa hiyo kumchora hakukuwa kosa. Ila shujaa yule wa serikali alikuwa wa hotuba tu, asiye na mahali pa kufia. Tshibumba alimpa mahali, na mahali penyewe ni kwetu, mbele ya watu ambao baadhi yao walikuwa wameimba kwa ajili ya Tshombe. Serikali ilichelewa sana kufika huko. Jino la Lumumba, kiungo pekee kilichosalia, lilirudishwa na Ubelgiji Juni 2022 na katika safari yake ya nchini likapitishwa Shilatembo.

Wala hakuwa wa kwanza mjini kuchukua historia mkononi bila kusubiri ruhusa ya wasomi. Mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumba za wazungu kilitoa historia ya Élisabethville, imepigwa taipu kwa Kiswahili, na André Yav akiwa mwandishi wake. Maboyi, wapishi na madobi walisimulia mji kama walivyouona kutoka jikoni. Tshibumba ni wa ukoo huo. Anayemwita kipaji kilichoibuka kutoka mahali pasipo kitu hajui mji huu ulikuwa unazungumza nini jioni.

Kilichotokea kwenye kuta

Sasa twende kwenye ile sehemu inayorukwa.

Mchoraji wa salon anaishi kwa mshahara wa mwenye salon. Novemba 1973, wakati Tshibumba na Fabian wako katikati ya kazi yao, Mobutu alitangaza zairianisation: maduka na mashamba ya wageni yakagawiwa kwa watu wa serikali na chama, na mengi yakafa haraka. Mwaka uliofuata bei ya shaba duniani ikaporomoka. Mwaka 1975 vita vya Angola vikafunga reli ya Benguela, njia fupi ya shaba kwenda baharini. Mwaka 1977 na tena 1978 mkoa ukaingia katika vita vya Shaba, jina la Katanga wakati ule. Mfanyakazi wa Gécamines bado alikuwa na kazi, lakini hela yake ilizidi kuwa nyepesi, na kitu cha kwanza kuachwa sokoni ni kile kisicholiwa. Tablo hailiwi. Kufika katikati ya miaka ya 1980 uchoraji huo wa salon ulikuwa umefifia sana. Tshibumba alitoweka katika miaka hiyo hiyo, na kwa kuwa soko lilikuwa linakufa, hakukuwa na wateja wa kuuliza mbona haonekani tena.

Kisha yakaja mabaya zaidi. Oktoba 1991 wanajeshi walipora mji. Mwaka 1992 na 1993 familia zilizotoka Kasai zilifukuzwa Katanga, watu kwa mamia ya maelfu, wengi wao wakiwa hasa wale makarani, walimu na mafundi ambao walikuwa na salon zenye picha. Walilala vituoni wakisubiri treni na kile walichoweza kubeba. Mtu anayekimbia na watoto, sufuria na godoro habebi tablo. Gécamines, iliyokuwa ikitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 1994 haikufikisha hata 50,000. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa kampuni hiyo waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Wengi walikuwa na miezi mingi bila mshahara, kwa hiyo hiari hiyo kila mtu anaielewa anavyoielewa.

Ndiyo maana sikubali lile lalamiko la pili, la kwamba watu wa Lubumbashi hawajali. Walijali kiasi cha kulipa. Picha za Tshibumba zilizonunuliwa na wafanyakazi zilikuwa ndani ya nyumba, na nyumba zenyewe zilivunjika: zikaporwa, zikahamwa, zikauzwa. Picha alizonunua Fabian ziliokoka kwa sababu ziliondoka kabla. Si sifa ya mnunuzi wala dhambi yake. Mwaka 2000 Tropenmuseum ya Amsterdam ilizichukua. Nyingine zilizokusanywa na mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki ziliishia katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Matokeo yake ni kwamba tuna makusanyo ya wageni wachache waliohama kwa ndege, na hatuna makusanyo ya mamia ya wenyeji waliohamishwa kwa treni. Halafu tunasoma makusanyo ya wachache hao kana kwamba ndiyo kazi yote ya Tshibumba. Mamba muntu wake wamekwenda wapi? Kwa mnunuzi wa kawaida wa soko la mtaa wa Kenya, labda hao ndio walikuwa Tshibumba.

Mwaka 2016 kulikuwa na maonyesho makubwa ya uchoraji huu wa Kongo pale Bozar, Brussels, na aliyeyaandaa pamoja na Bambi Ceuppens wa Tervuren ni Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, aliyezaliwa hapa mwaka 1978. Nililipenda jambo hilo, na pia lilinikera. Mtoto wa mji anapewa nafasi ya kuzipanga picha za mji, lakini anazipanga ukutani mwa watu wengine. Baloji na wenzake wa Picha, chama cha wasanii wa hapa, walishaanzisha hapa nyumbani, mwaka 2008, maonyesho yaliyokuja kuwa Biennale ya Lubumbashi, kwa hiyo si kwamba hatuna mahali wala watu wa kuzipokea. Kinachotakiwa ni mikopo ya muda: picha kumi na tano au ishirini za mfululizo, ziletwe, zikae miezi, wazee wazione, zirudi kama lazima zirudi. Makumbusho hukopeshana kila mwaka. Wakisema bima ni ghali na joto letu si zuri kwa kitambaa, wajibiwe kwamba kitambaa hicho ni cha mfuko wa unga na kilichorewa humu humu.

Wakati tunasubiri, maneno tunayo. Mazungumzo ya Tshibumba na Fabian yako wazi kwenye intaneti, kwa Kiswahili kama yalivyosemwa, katika hifadhi ya Kiswahili cha watu ambayo Fabian na wenzake waliianzisha. Nashangaa walimu wetu hawayatumii. Mwanafunzi wa sekondari wa Ruashi ataelewa bila kamusi kile ambacho profesa wa Ulaya anakisoma na maelezo chini ya ukurasa. Atacheka mahali pa kuchekesha. Na atakuta historia ya nchi inasimuliwa na mtu anayezungumza kama mjomba wake, tofauti kabisa na kile kitabu cha shule kinachosomeka kama tangazo la komisheni.

Kazi nyingine haiwezi kufanywa na Amsterdam wala Tervuren. Mtu aliyenunua tablo mwaka 1973 akiwa na miaka 25 sasa anakaribia 80. Wengine wako Katuba, wengine Likasi, wengine walifukuzwa na wako Mbuji-Mayi au Kananga. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000 chuoni kwetu na ambao Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa nguzo yake, ulishaonyesha kwamba watu wa mji wakiulizwa vizuri huleta vitu vyao na masimulizi yake. Haihitaji fedha nyingi: simu yenye nafasi ya kurekodi, mjukuu mwenye subira, na kikombe cha chai kwa mzee wa nyumba. Aulizwe ukutani palikuwa na tablo gani, ilinunuliwa kwa nani na kwa makuta mangapi, wageni walisema nini walipoiona, nayo iliondoka ndani ya nyumba siku gani. Na kama mwenye kuiuza alikuwa kijana mmoja mwenye tablo chini ya kwapa aliyeweka saini *Tshibumba K.M.*, aulizwe alimwona mara ya mwisho mwaka gani, na barabara ipi.